SINDANO YA MAMA NDIYO UHAI WA MTOTO

Mwanamke akizaa mtoto aliyekwisha kufa, katika vijiji vyetu vya Ugogo, vya Urangi na vya Unyaturu, na hata katika mitaa ya mji wenyewe wa Dodoma, watu husema, "Mungu hakupenda." Maiti ile ndogo hufungwa kitambaa, huzikwa siku ile ile, mara nyingi bila matanga, na mama huambiwa anyamaze, atapata mwingine. Sisi hatuna ugomvi na imani ya mtu yeyote. Lakini twaona umefika wakati wa kusema wazi kwamba katika vifo vya namna hii viko vingi ambavyo si ulozi wa jirani, wala si tego, wala si mkosi wa ukoo. Ni kazi ya maradhi yenye jina, yenye kipimo, na yenye dawa. Jina lake ni kaswende.

Twajua kwamba wasomaji wetu wengine watakunja uso kwa kuliona jina hili limepigwa chapa mahali hapa. Gazeti husomwa barazani kwa sauti, mbele ya wakwe na mbele ya watoto, na wako watakaosema kwamba maneno haya ni ya chumba cha daktari, si ya ukurasa wa mhariri. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Aibu ndiyo ngome ambamo maradhi haya yamejificha tangu zamani, na anayeumia kwa aibu yetu ni mtu asiye na ulimi wa kusema, yaani mtoto aliye tumboni mwa mamaye.

Kwanza yafaa tuyaeleze maradhi yenyewe, maana mengi yasemwayo juu yake ni ya kubahatisha. Kijidudu cha kaswende kiligunduliwa mjini Berlin mwaka 1905 na wataalamu wawili wa Kijerumani, Schaudinn na Hoffmann. Mwaka ule ule ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Na reli ile ilipofika Dodoma mwaka 1910, huko Ulaya dawa ya kwanza ya kweli ya kaswende, iitwayo Salvarsan, ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kuuzwa. Ilikuwa dawa kali yenye sumu, na matibabu yake yalikuwa marefu. Mwaka 1943, daktari Mmarekani aitwaye John Mahoney alionyesha kwamba penisilini huponya maradhi haya. Tangu siku hizo mpaka leo imepita miaka zaidi ya 80, na kijidudu hiki hakijapata kujifunza namna ya kuikwepa penisilini. Twaomba msomaji alitafakari jambo hili. Maradhi mengi yamezizoea dawa zetu, malaria imezishinda dawa mbili tatu machoni petu wenyewe. Lakini kaswende ingali ikifa kwa sindano ile ile waliyochomwa watu wa zama za vita kuu ya pili.

Mtu akiambukizwa, kidonda hutokea baada ya siku kama 21 hivi, na kidonda hicho hakiumi. Hapo ndipo hila ya maradhi ilipo. Kwa mwanamke kidonda chaweza kuwa ndani, asikione kabisa. Baada ya majuma machache hupona chenyewe, na mwenyewe hufurahi akidhani dawa ya mitishamba imemsaidia. Baadaye hutokea vipele mwilini, pengine hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, navyo pia hutoweka. Kisha huja kimya. Mtu hulima, huchunga, hucheza ngoma, hupanda basi kwenda safari, hana homa wala maumivu, na kijidudu kimo damuni mwake miaka na miaka. Katika baadhi ya watu huja kuamka baadaye na kuushika moyo au ubongo. Zamani, kabla ya penisilini, hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya zilikuwa na wengi wa namna hiyo.

Basi mwanamke aliye katika kimya kile akishika mimba, kijidudu huvuka kondo na kumwingia mtoto. Chaweza kufanya hivyo wakati wowote wa mimba, na hatari ni kubwa zaidi ikiwa mama ameambukizwa karibuni. Mimba huweza kutoka. Mtoto huweza kufia tumboni. Huweza kuzaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, akafa katika juma la kwanza. Na anayezaliwa hai huweza kuonekana mzima kabisa, mkunga akampongeza mama, shangazi akamtafutia jina, kumbe baada ya majuma machache pua inaanza kutoka kamasi yenye damu, ngozi ya nyayo inababuka, tumbo linavimba kwa ini na bandama, na mtoto analia kila aguswapo mkono kwa sababu mifupa yake inauma. Asipofa, huweza kukua akiwa na meno yaliyopinda, macho yenye ukungu, au masikio yasiyosikia. Ni nani atakayefikiri, amwonapo kijana kiziwi wa miaka 12, kwamba jambo lilianzia katika kadi ya kliniki ambayo mstari wake mmoja haukujazwa?

Hatusemi haya kwa kutisha watu. Yamepimwa, tena yamepimwa hapa hapa nchini. Mkoani Mwanza watafiti waliwafuata wanawake 380 ambao hawakuwa wamepimwa kaswende wakati wa mimba, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Kati ya wanawake 73 waliokutwa na kaswende kali, 18 walizaa watoto wafu, maana yake mmoja katika kila wanne; na wengine 24 walizaa watoto hai lakini wenye uzito mdogo. Wataalamu wale walipiga hesabu wakaona kwamba, miongoni mwa wanawake wasiopimwa, asilimia 51 ya watoto waliozaliwa wafu walitokana na kaswende ya mama. Nusu nzima! Malaria haikufikia nusu hiyo, wala njaa, wala uzazi mgumu.

Na upande wa pili wa habari hiyo ndio unaotutia moyo sisi na kutukasirisha kwa wakati mmoja. Watafiti wale wale waliwafuata wanawake waliopimwa mapema na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini ile inayokaa mwilini muda mrefu, yuniti milioni 2.4. Wanawake wale walijifungua kama wenzao wasio na ugonjwa. Sindano moja! Gharama ya kumpima mwanamke mmoja, pamoja na kumtibu akionekana ana ugonjwa, ilihesabiwa wakati huo kuwa dola moja na nusu hivi ya Kimarekani. Hatujui jambo jingine katika uganga wa kisasa ambapo fedha kidogo kiasi hicho hununua uhai wa mtu mzima wa miaka 60 ijayo.

Basi kama ni hivyo, kwa nini tungali tukizika?

Jibu la kwanza ni kwamba twafika kliniki kwa kuchelewa. Uchunguzi wa taifa wa watu na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba karibu wanawake wote wa Tanzania, asilimia 98, walikwenda kliniki japo mara moja katika mimba yao. Hilo ni jambo la fahari, na nchi nyingi zenye fedha kuliko sisi hazijalifikia. Lakini waliokwenda katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa asilimia 24 tu, na waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa kama nusu. Maana yake ni kwamba mlango umefunguliwa, watu wanauingia, lakini wanauingia jioni. Sindano huchukua muda kumtibu mtoto aliye tumboni. Akichomwa mama majuma manne hayajabaki kabla ya kujifungua, mtoto huhesabiwa kuwa hakutibiwa vya kutosha, na lazima naye atibiwe baada ya kuzaliwa.

Wakazi wa nyanda zetu za kati wanajua kwa nini mama huchelewa, na haifai maofisa kumlaumu kana kwamba ni mvivu. Mvua yetu ni moja. Huanza Desemba, na kufika Aprili imekwisha. Katika miezi hiyo kila mkono uko shambani, kwenye mtama, uwele, karanga na alizeti, maana asiyepalilia wakati ule atahemea mwaka mzima. Ni miezi hiyo hiyo ambapo akiba ya ghala imekwisha na watu wanakula mlenda na ugali mwembamba. Na ni miezi hiyo hiyo ambapo makorongo ya Bahi na Chamwino yamejaa maji na njia ya kwenda zahanati imekatika. Mwanamke aliyeshika mimba mwezi Novemba atapima mambo mawili: kupoteza siku nzima kwenda kliniki wakati yeye mwenyewe hajisikii vibaya, au kupalilia. Atapalilia. Sisi tungefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, mahali ambapo zahanati hutuma wauguzi wake vijijini kwa siku zinazojulikana, hasa katika masika, jambo hilo si hisani. Ndiyo kazi yenyewe. Nasi twaona kwamba kliniki ya mkoba isiyofika kijijini wakati wa kilimo ni kama duka linalofungwa siku ya mnada.

Ipo sababu nyingine ya kuchelewa ambayo watu wa ofisini hawaisikii kwa urahisi. Katika mila zetu mimba changa haitangazwi. Mama huificha mpaka ionekane yenyewe, kwa kuogopa jicho baya na kwa haya. Desturi hii ina hekima yake, hatuidharau. Lakini kumwambia muuguzi si kutangaza. Bibi na shangazi, ambao ndio wanaojua kwanza, wakisema neno moja kwa binti zao, watafanya kazi kubwa kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani.

Jibu la pili ni ubaguzi wa maradhi. Tangu UKIMWI ulipotushika, fedha za dunia na za kwetu zimeelekezwa huko, na kwa haki, ulitumalizia vijana. Mama akifika kliniki leo hupimwa virusi vya UKIMWI karibu pasi na kukosa. Lakini katika nchi nyingi za Afrika imeonekana mara kwa mara kwamba mwanamke yule yule, katika chumba kile kile, kwa damu ya kidole kile kile, hapimwi kaswende, kwa sababu vipimo vimekwisha au havikuagizwa. Mtoto akaokolewa na virusi, akauawa na kaswende. Kusema kweli jambo hili ni la ajabu. Na halina udhuru tena, kwa maana sasa kuna kipimo kimoja chenye kuonyesha maradhi yote mawili kwa pamoja, kwa tone la damu, kwa dakika kama 20, bila umeme wala maabara. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hicho ndicho kiwe kipimo cha kwanza cha waja wazito. Kina kasoro yake: mtu aliyepata kutibiwa kaswende miaka iliyopita huendelea kuonekana anayo, hivyo wengine huchomwa sindano wasiyoihitaji. Lakini sindano ya ziada haimdhuru mama, na sindano inayokosekana humwua mtoto. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili ataifanya.

Tunaposema hivi hatusemi juu ya watu wachache. Mwaka 2011, waja wazito karibu 40,000 walipimwa katika kliniki za nchi nzima, na asilimia 2.5 wakakutwa na kaswende. Asilimia hiyo yaonekana ndogo ikiwa karatasini. Mahali penye waja wazito 1,000 kwa mwaka, ni wanawake 25. Na wasipotibiwa, zaidi ya nusu yao watapata msiba wa namna moja au nyingine. Basi hesabu makaburi madogo 12 au 13 kila mwaka, au watoto wenye kilema, katika eneo moja. Kama ajali ya basi ingeua watu 13 katika barabara ya Singida, Mkuu wa Wilaya angefika kabla ya jua kutua.

Na Dodoma ya leo si Dodoma ya zamani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanywa mwaka 1973. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilihamia kwa vitendo. Na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Majengo yanaota kama uyoga. Mafundi na vibarua wametoka kila pembe ya nchi, wengi wameacha wake zao nyumbani. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hulala njiani humu. Kibaigwa ina soko la mahindi linalokusanya wachuuzi kutoka mbali; kando ya bwawa la Mtera kuna wavuvi wanaohamahama; Winza, wilayani Mpwapwa, ilipopatikana rubi mwaka 2008 hivi, maelfu ya watu walimiminika kwa miezi michache. Hatumtukani dereva wala mchimbaji wala fundi. Hao ndio wanaojenga nchi. Ila historia yatufundisha kwamba kila ajira mpya na kila barabara mpya hubeba na maradhi, na mahali pa namna hiyo ndipo zahanati inapopaswa kuwa tayari kuliko kwingine.

Tufike sasa kwenye jibu la tatu, nalo ndilo gumu, kwa sababu linawahusu wanaume, nasi wengi wetu tunaoandika humu ni wanaume.

Katika lugha yetu twasema mwanamke "ameharibu mimba". Tazameni kitenzi hicho. Mama ndiye aliyeharibu! Hatusemi kwamba kijidudu kimeharibu, wala kwamba mume amekileta kutoka safarini. Mwanamke akiharibu mara mbili, mara tatu, huanza kuitwa majina, pengine hurudishwa kwao, ng'ombe wakadaiwa. Na yule mume akaoa mwingine, na yule mwingine naye akaharibu, mpaka watu wakasema mji ule una laana. Laana yenyewe imo katika damu ya mwenye mji.

Kumtibu mama peke yake bila mume ni kuchota maji kwa kibuyu kilichotoboka. Atachomwa sindano mwezi wa nne wa mimba, apone, na mwezi wa sita mumewe amrudishie maradhi. Kwa hiyo twaunga mkono kwa nguvu zetu zote mwito wa kuwataka waume waende kliniki na wake zao. Mwanamume anayeona haya kukaa kwenye benchi la wanawake, na asione haya kumzika mwanawe, ana haya za ajabu.

Lakini hapa twataka kusema neno la kuonya. Katika baadhi ya zahanati mwito huu umegeuzwa kuwa sharti: mama asiyekuja na mume huambiwa arudi nyumbani, au alete barua ya serikali ya kijiji kueleza mume yuko wapi. Matokeo yake yanajulikana. Mjane, binti asiyeolewa, mke wa mtu aliyekwenda kuchimba madini, na mke wa mume mkaidi, wote hao hukosa huduma au huchelewa mwezi mzima wakitafuta barua. Na wako waliomwomba dereva wa bodaboda asimame kama mume kwa saa moja. Hao ndio hasa wanaohitaji kupimwa kuliko wengine! Sharti lililotungwa ili limlinde mtoto likawa ndilo linalomzuia. Sisi twasema: mume na aalikwe, aandikiwe, afuatwe, akaribishwe kwa heshima na apimwe siku ile ile. Lakini mama asirudishwe kamwe, awe na mume au hana.

Tena wauguzi wetu wana kazi ya busara katika kutoa habari. Mwanamke akiambiwa peke yake kwamba ana kaswende, akaenda kumwambia mumewe, mara nyingi kinachofuata si matibabu bali kipigo, na swali la nani kamletea nani. Damu haijibu swali hilo. Mtu aweza kukaa na kaswende miaka mingi tangu kabla ya ndoa. Muuguzi mwenye hekima huwaambia wote wawili kwamba ugonjwa umo nyumbani na dawa yake ni hii, basi. Tunawajua watu wa namna hiyo katika zahanati za vijijini, hawana majina makubwa, na nchi ina deni kwao.

Liko jibu la nne, nalo ni dawa yenyewe. Msomaji atashangaa, penisilini iliyo kongwe namna hii yawezaje kukosekana? Hukosekana kwa sababu ni rahisi mno. Viwanda vya dunia vinavyotengeneza kiini cha dawa hii ni vichache sana, maana faida yake ni ndogo. Kati ya mwaka 2014 na 2016 nchi nyingi ziliikosa kwa pamoja, na mwaka 2023 hata Marekani ilikuwa ikiigawa kwa kipimo. Nchi tajiri yaweza kuhangaika na kupata. Zahanati ya Usandawe yangoja tu. Mama hupimwa, huambiwa ana ugonjwa, kisha huambiwa sindano hakuna, akanunue duka la dawa mjini. Na Serikali yenyewe imekwisha kutangaza zamani kwamba huduma za mama mjamzito ni bure. Huko dukani huuziwa vidonge vya aina nyingine. Yafaa ijulikane wazi: kwa mja mzito hakuna badala. Vidonge hivi na vile vyaweza kumsaidia mama mwenyewe, lakini ama havimfikii mtoto vya kutosha, ama havifai kabisa wakati wa mimba. Penisilini ndiyo pekee.

Wako pia wauguzi wanaoogopa kuichoma, kwa sababu wamesikia kwamba humfanya mtu azimie. Yatokea, lakini ni nadra mno, na jibu lake ni kumwuliza mgonjwa kwanza, kuwa na dawa ya dharura mkononi, na kumkalisha nusu saa kabla hajaondoka. Inauma, hilo ni kweli, na waliowahi kuchomwa hawahitaji kukumbushwa.

Isidhaniwe kwamba twaomba lisilowezekana. Jijini Nairobi, kuanzia mwaka 1992, kliniki za kawaida zilianza kupima na kutibu siku moja, badala ya kupeleka damu maabara ya mbali na kumwambia mama arudi juma lijalo. Cuba, kisiwa maskini kilichowekewa vikwazo miaka mingi, ilithibitishwa mwaka 2015 na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza duniani kukomesha virusi vya UKIMWI na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Haikuwa na miujiza. Ilikuwa na daktari karibu na kila mtaa, na kila mja mzito aliandikwa jina na kufuatwa hata nyumbani. Kwa upande mwingine Marekani, yenye utajiri usio na kifani, iliyaacha maradhi haya yakarudi: watoto waliozaliwa nayo walikuwa kama 330 mwaka 2012, na mwaka 2022 walizidi 3,700. Wengi wa mama zao ni maskini, ambao hawakupimwa au hawakutibiwa kwa wakati. Fedha peke yake hazimlindi mtoto, humlinda utaratibu.

Na utaratibu ndicho kitu ambacho Chama chetu hakina sababu ya kukikosa. Tangu siku za TANU tuliwataja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na tukajenga mtandao unaofika mpaka nyumba kumi. Balozi wa shina anajua ni nani aliyehamia, ni nani aliyeuza ng'ombe, na ni nani mwenye mimba. Umoja wa Wanawake una matawi mpaka vijijini. Mtandao unaoweza kuwakusanya watu kwa ajili ya kura katika siku moja haushindwi kumkumbusha mama tarehe yake ya kliniki, wala kumtafutia baiskeli au mkokoteni wa kumfikisha. Hatutaki mabalozi wayajue maradhi ya watu. Hayo ni siri ya mgonjwa na muuguzi, na atakayeivunja aadhibiwe. Twataka tu wajue ni nani hajapimwa kwa sababu hakufika.

Jambo moja zaidi tungependa lifanyike, na halina gharama. Kila mtoto anayezaliwa mfu aandikwe, awe amezaliwa hospitali au nyumbani, na kila mama aliyempoteza mtoto hivyo apimwe kaswende siku hiyo, pamoja na mumewe, kabla ya kuambiwa aende akajaribu tena. Wengi wa watoto hao leo hawamo katika daftari lolote. Hawakupewa jina, hawakupata cheti, hawamo katika hesabu ya waliozaliwa wala ya waliokufa. Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kupigana na kitu ambacho daftari lake linasema hakipo. Wakunga wa jadi, ambao wengi sasa huwasindikiza akina mama kwenda kujifungulia zahanati, wangeweza kutoa habari hizo vizuri kuliko mtu yeyote, kama wangeulizwa bila kutishwa.

Mikutano ya madiwani ya kupitisha bajeti haiko mbali. Huko watazungumza juu ya barabara, madawati na ushuru wa mazao, na ni haki yao. Sisi twawaomba waheshimiwa madiwani wa Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na Jiji la Dodoma, na wenzao wa Manyoni na Ikungi, kwamba kabla ya kwenda mkutanoni kila mmoja apite kwenye zahanati ya kata yake, aombe kuoneshwa kabati la dawa na daftari la kliniki, na aulize mambo matatu tu: mwezi uliopita walikuja waja wazito wangapi, wangapi walipimwa kaswende, na leo hii kuna chupa ngapi za penisilini. Kisha aende akaseme majibu hayo mbele ya wenzake, kwa sauti, na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.